Umeme Ndani ya Nta

Vijana wa karakana, mliniaga kwa soda, keki na maneno matamu ambayo kwa kawaida mtu huyapata akishakuwa kaburini. Mmoja wenu akasimama akasema mimi ndiye baba wa umeme wa nyanda za juu. Sikumbishia kwa sababu keki ilikuwa mdomoni. Sasa nimestaafu, niko kwangu, sina haraka, basi niseme ukweli: umeme sikuuzaa mimi. Ulinipiga tu mara nyingi kuliko wenzangu, na mtu akipigwa mara nyingi na kitu kimoja, watu hudhani wanajuana.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo havikuwa vingi, na mshahara mnaujua, maana nanyi mnaulalamikia. Nitaandika habari za mwanzo, miaka ile ya hamsini kabla ya Uhuru, nilipokuwa fundi katika misheni moja ya Wakatoliki upande wa Mufindi, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Nyololo. Huko ndiko nilikojifunza kazi. Huko pia nilipata swali lililonitesa kuliko jenereta zote nilizokuja kuzihudumia baadaye Mbeya na Iringa: umeme na sumaku hufanya nini ndani ya kitu, kama kitu chenyewe kinakwenda?

Niliajiriwa kwa uongo mdogo. Padre Ottavio, Mwitaliano mrefu mwenye ndevu zilizonuka mafuta ya mashine, aliniuliza, "Fideli, unajua umeme?" Nikamjibu najua. Nilikuwa nimeshika tochi ya katekista mara mbili, na moja ya hizo haikuwaka. Akanipeleka mtoni kwenye nyumba ya mashine. Maji yalizungusha gurudumu, gurudumu likazungusha dainamo, na dainamo ndiyo iliyowasha taa za kanisa na za masista. Mkanda mwingine uliendesha mashine ya kusaga mahindi. Akaniambia, "Tazama brashi kwanza," kisha akaondoka kwenda kubatiza.

Nikazitafuta hizo brashi. Nilipekua nyumba nzima nikitafuta brashi ya viatu, nikaona labda ni ya kupakia rangi, nikapekua tena. Padre aliporudi alinikuta nimeshika ufagio, nikijitetea kwamba brashi zimeibiwa. Akanionyesha vipande viwili vya kaboni vinavyosugua kwenye shingo ya dainamo. "Hizi," akasema. Nikazigusa nihakikishe. Zilikuwa kazini. Nilipozinduka alikuwa ananipepea kwa kofia yake, na tangu siku ile sikumdanganya tena kuhusu umeme, kwa sababu niligundua umeme wenyewe haukubali.

Padre alisoma fizikia kwao kabla hajawa padre. Kiingereza hakukijua vizuri, mimi Kiitaliano sikukijua kabisa, kwa hiyo lugha yetu ya kazi ilikuwa Kiswahili. Chake alikitoa kwenye kitabu na kwa wapishi wa misheni, changu nilikitoa shuleni na barabarani, maana nyumbani tulisema Kihehe. Ukisikiliza tulivyokuwa tukizungumza ungetuhurumia wote wawili. Lakini jioni, mashine ya kusaga ikifungwa, alinifundisha mambo ambayo nimekuja kuambiwa kwamba yanafundishwa vyuo vikuu, tena kwa watu wenye viatu.

Alianza na majina. Eneo ambalo nguvu ya umeme inafika, kwao huliita kwa neno lenye maana ya shamba. Basi tukawa na shamba la umeme na shamba la sumaku. Mke wangu Koleta alinisikia nikirudia somo kitandani, akaamka.

"Baba Skola, hilo shamba amekupa Padre?"

"Si la kulima, mama."

"Shamba lisilolimwa la nini? Liko bondeni au mlimani?"

Nikamwambia liko kila mahali. Akageukia ukutani akalala, na kesho yake alimwambia mama yake kwamba ameolewa na mtu anayegawiwa hewa.

Padre alisema mahali patupu pana mashamba hayo mawili tu, basi. Ila ndani ya kitu mambo yanabadilika. "Kitu naye anajibu," alisema, akipiga meza ya mbao kwa kidole. "Lete umeme karibu na nta. Ndani ya nta kuna umeme kidogo kidogo, yote inaegemea upande moja. Lete sumaku karibu na chuma. Ndani ya chuma kuna sumaku kidogo kidogo, yote inageuka. Sasa ndani ya kitu majina mawili haitoshi. Tunataka nne." Tukaongeza mawili: umeme wa ndani na sumaku ya ndani, yaani umeme na sumaku pamoja na jibu la kitu chenyewe. Kwenye ubao tuliokuwa tumeutundika karibu na mashine, hayo majina manne yalikaa mwaka mzima. Masista waliokuja kuchukua unga walifanya ishara ya msalaba.

Taabu ilianza kitu kikitembea. Nilimwuliza Padre, nta ikizunguka, nani anajua ndani yake mna nini?

"Uliza yeye mwenyewe," akasema. "Panda naye. Kwa yeye hakuna safari, yeye amekaa tu. Majibu yake ni rahisi. Halafu shuka, tafsiri majibu yake kwa lugha ya mtu amesimama chini."

Nilipoonekana sijaelewa, na uso wangu ulikuwa na kipaji hicho, alinipa mfano wa lori. Siku isiyo na upepo, mtu aliye juu ya lori anapigwa na upepo mpaka kofia inaruka. Aliyesimama kando ya barabara pale Nyololo anasema leo hakuna upepo. Nani mwongo? Hakuna. Ndivyo ilivyo kwa umeme na sumaku. Chuma kilicho sumaku tupu kwa anayesafiri nacho, kikipita mbele ya aliyesimama, yeye anaona kina umeme kidogo pia. Wala haukutoka nje. Ni ileile sumaku, imetafsiriwa.

Mahesabu ya zamani, alisema, yalitafsiri umeme wa ndani na kusahau kwamba sumaku ya ndani nayo inataka kutafsiriwa. Mahesabu mapya yanatafsiri yote manne kwa pamoja. Tofauti ya hayo mawili ni ndogo, na huwezi kuiona mpaka upate kitu ambacho kina sumaku lakini hakipitishi umeme, ukizungushe kwa kasi ndani ya sumaku nyingine. Chuma kina sumaku, ila kinapitisha umeme. Nta haipitishi, ila sumaku haina. Kitu chenye sifa zote mbili hakikuwepo dukani. Wazungu wengine walikwisha kukitengeneza zamani kwa kuchanganya nta na gololi ndogo za chuma, kila gololi isiguse nyingine. Padre alitaka tutengeneze cha kwetu.

Nikamwuliza, kama wazungu walishapima, sisi tunapima nini?

Hapo ndipo aliponiambia habari ya macho. Yalikuwa yanajaa ukungu, na daktari aliyemwona Iringa alisema hakuna dawa. Barua za kwao alishaanza kusomewa na sista. Wakubwa wake walikuwa wanapanga kumrudisha Italia, na yeye alijua kwamba atakapofika huko atakuwa hana macho. "Mimi naamini Mungu bila kuona," alisema. "Hiyo ni kazi yangu. Lakini hii hesabu si Mungu, Fideli. Tangu kijana naamini tu kwa sababu profesa alisema. Kabla macho haijafungwa, nataka nione mara moja."

Nilimpenda yule mzee kuliko nilivyowahi kumwambia, na nilitamani aone. Nikasema nitaleta nta.

Nta nzuri ilitoka Chunya, kwa warina asali. Nilikwenda kwa lori la tumbaku, nikarudi na rangi ya barabara mpaka kwenye meno. Nyuki wachache walikataa kuachana na mzigo wao, wakatusindikiza, na abiria wenzangu wakanihamishia mkiani mwa lori bila kupiga kura. Gololi nilizitafuta Mbeya mjini kwa fundi baiskeli mmoja, Mzee Shomari, mtu wa Pangani aliyefika bara kwa biashara na kubaki kwa sababu, kama alivyosema, baridi iligandisha miguu yake. Alivaa makoti mawili, moja juu ya jingine.

"Shikamoo mzee. Naomba gololi ile mdogo, mingi."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Gololi mdogo."

Akaweka bisibisi chini. "Kijana, gololi ndogo. Nyingi. Zile. Kwenu wapi?"

"Iringa."

"Nilijua. Sema: kitabu changu kimepotea."

"Kitabu yangu imepotea."

Wateja wakacheka. Mzee Shomari hakucheka, alikuwa anaumwa kabisa. "Sikuuzii," alisema, "mpaka useme vizuri. Ukishaweka kichwa, mwili wote unafuata. Kitabu changu kile kizuri kimepotea. Vitabu vyangu vile vizuri vimepotea. Umebadili kichwa, wote walio nyuma wabadili nguo, hata wa mwisho. Wewe unabadili kichwa unaacha mkia."

"Kwetu tunaelewana tu, mzee."

"Hata mbuzi wanaelewana."

Nilisimama pale mpaka jua likanikuta upande wa pili wa kichwa, nikipoteza vitabu na viti na mikeka, vyote kwa upatanisho. Aliporidhika alinijazia kopo la gololi zilizochoka. Akaniuliza za baiskeli ngapi. Nikamweleza kwamba si za baiskeli, nazitia kwenye nta, nta inazunguka, halafu tunatazama kama kuna umeme kidogo. Akaongeza konzi moja ya bure. "Pole sana, mwanangu," alisema.

Kuyeyusha nta kulihitaji sufuria pana, na sufuria pana ilikuwa moja tu nyumbani. Nilitia na ulimbo wa misonobari ili nta iwe ngumu. Wiki ile Koleta alisema ugali una harufu ya kanisa. Kitu chetu kilipaswa kuwa pipa dogo la nta yenye gololi. Nilimwaga nta kwa pupa, ikiwa bado ya moto, gololi zikazama zote chini, na pipa letu likawa zito upande mmoja. Mimi sikujua, nikalifunga mkanda na kufungulia maji. Lilipochanganya kasi, likapasuka. Gololi ziliruka dirishani mpaka uani, ambako akina mama walikuwa wamekaa wakisubiri kusaga. Bibi mmoja aliyekuwa akinisalimu kila asubuhi kwa kamwene yenye upendo, akaja mlangoni akaniuliza kama vita vimerudi. Vijana, kitu kinachozunguka kipimeni uzito pande zote kabla hamjakipa kasi. Mimi nilipimiwa na yule bibi.

Pipa la pili nilitia nta kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka, nikingoja kila moja ipoe. Ndani nikaweka bomba la shaba, nje nikazungushia bati la shaba na kulikaza. Tukaliweka katikati ya waya mwingi uliosokotwa, ambao ukipitisha umeme wa dainamo unakuwa sumaku. Kipimo alikuja nacho Padre kutoka kwao: sindano nyepesi iliyoning'inia kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Kikinusa umeme kati ya ile shaba ya ndani na ya nje, sindano inageuka. Ukikohoa, inageuka pia. Nilijifunza kupumua kwa adabu.

Padre alikuwa na kanuni moja ambayo nawaachia. "Andika kwanza, tazama baadaye," alisema. "Ukitazama kwanza, mkono yako itaandika kile jicho imeona." Basi yeye akakaa kwenye gunia la pumba, akasema milinganyo kwa kichwa, na mimi nikaandika ubaoni na kukokotoa. Nilichora alama kwa penseli mahali ambapo sindano ingefika kama mahesabu mapya ni ya kweli. Nilijivuna kidogo. Nilivaa hata tai, niliyopewa na katekista kwa sababu yeye aliona aibu kuivaa.

Tukafungulia maji. Pipa likaanza kuimba, nikawasha sumaku, sindano ikaondoka. Padre aliinamisha uso mpaka ndevu zikakaribia kioo cha kipimo, akatikisa kichwa. Haoni.

"Soma wewe. Imefika?"

Ilikuwa imepita. Si mbali, ila imeipita alama yangu na kutulia huko. Nilirudia, nikageuza sumaku, nikarudia tena. Ilipita vilevile. Nikajua kwamba nikisema imefika, atafurahi, na hakuna mtu Mufindi nzima ambaye angejua. Uso wangu hakuweza kuuona. Lakini sauti alikuwa anaisikia, na sauti yangu kwenye uongo hulegea kama mkanda mbovu. Njia ya mwongo ni fupi, yangu ilikuwa haifiki hata mlangoni.

"Imepita, Padre."

"Kidogo?"

"Kidogo. Lakini imepita kila mara."

Akaniambia nifunge maji. "Basi. Tangu kijana naamini kitu si kweli," akasema taratibu. "Kesho saga mahindi." Akaondoka akipapasa ukuta. Nilibaki na tai yangu, na niliumia kiasi kwamba sikutaka kwenda nyumbani.

Siku nyingi zikapita bila yeye kuja mtoni. Nilisaga mahindi. Jumapili moja baada ya misa alikuja, akasema sista mkuu anauhitaji ubao kwa ajili ya watoto, na kabla haujafutwa anataka kusomewa yaliyoandikwa. Nadhani alitaka kuyaaga. Nikasimama kama mwanafunzi, nikasoma mstari kwa mstari.

"Hapa tunatoka kwa anayezunguka, tunakuja kwa aliyesimama. Umeme umehama. Sumaku imehama. Umeme wa ndani umehama."

"Sumaku ya ndani?"

"Sumaku ya ndani imekaa."

"Imekaa wapi?"

"Pale pale ilipokuwa, Padre."

Masikio yangu yaliyasikia maneno hayo kabla yangu. Nikamwona Mzee Shomari na makoti yake mawili. Nilikuwa nimebadili kichwa, nikawabadili na wafuasi wawili, na yule wa mwisho nikamwacha na nguo za zamani. Mlinganyo wote nilikuwa nimeuandika kwa Kiswahili cha Iringa.

"Nimeandika kitabu yangu," nikasema.

"Kitabu gani?"

Nikamweleza habari ya Mbeya, gololi mdogo, mbuzi na yote. Alianza kucheka polepole, kisha akashindwa kujizuia, akakaa chini kwenye pumba na kanzu yake nyeupe ya Jumapili. "Lakini ndiyo yenyewe," alisema akipangusa macho. "Ndiyo yenyewe, Fideli. Mtu anasimama au anakwenda, sentensi ni ileile. Lakini ukibadili moja, badili yote. Wakubwa wa zamani nao walifanya kitabu yangu."

Na kweli. Kwa kuiacha sumaku ya ndani bila kutafsiri, nilikuwa nimerudia bila kujua mahesabu yale ya zamani. Ndiyo mara pekee maishani nilipokosea pamoja na watu wenye akili. Nikafuta mstari ule mmoja, nikauandika upya, nikakokotoa tena mbele yake kwa sauti ili kila neno alisikie. Alama mpya ilikwenda kuangukia mahali ambapo sindano ilikuwa imetulia, ukiacha nafasi nyembamba ambayo tuliisamehe nta ya Chunya.

Nilidhani tumemaliza. Nikamwambia, "Padre, imekubali."

"Wewe umeona," akasema. "Mimi nimesikia." Hakusema kwa lawama. Lakini furaha ilikuwa imemtoka usoni, na nikaelewa kwamba tulikuwa hatujafanya lolote. Kuamini kwa kusikia alikuwa nako tangu ujana wake.

Gari la kumpeleka Iringa, na kutoka huko kwenda pwani na kwao, lilikwisha kupangwa. Aliondoka wiki hiyo hiyo, sikumwona tena, na habari ya kifo chake niliipata miaka mingi baadaye nikiwa Mbeya. Hayo nayasema sasa hivi ili yasije yakanikalia mwishoni.

Lakini kabla hajaondoka, njia ya kumwonyesha ilikuwepo, na aliijua mwenyewe. Mafundi wa kwao hubandika kipande cha kioo juu ya sindano, wakakipiga mwanga. Sindano ikigeuka kidogo kabisa, mwanga unatembea sana ukutani. Alisema macho yake bado yanajua mwanga na giza. Kinachotakiwa ni kioo chembamba, kidogo kama ukucha wa mtoto. Nikaanza kukata vioo. Nilivunja cha kupunguzia ndevu cha Padre, nikavunja kimoja nilichoazima kwa katekista, ambaye nadhani alijuta kunifahamu. Kikabaki kimoja.

"Kioo changu cha harusi?" Koleta aliuliza.

"Nitakata pembeni tu."

"Vile viwili ulikata wapi?"

Nikamweleza kwa nini, na safari hii sikutaja mashamba. Nilimwambia tu kwamba mzee anaondoka na kuna kitu alitaka kukiona. Alikitazama kioo, akajitazama humo kwa mara ya mwisho, akanipa. "Chukua. Uso wangu nimeshauzoea." Kisha akajifunga kanga akasema anakuja kusimamia, kwa sababu mkono wangu anaujua.

Nilikata pembeni. Kilitoka kipande, na kilichobaki kilipasuka katikati, lakini kipande kilitoka.

Mchana ule tuliziba madirisha ya nyumba ya mashine kwa mablanketi ya masista. Ukuta wa mbele niliupaka chokaa, nikachora mistari miwili minene ya mkaa, wa kwanza wa mahesabu ya zamani na wa pili wa mapya. Taa niliifungia ndani ya kopo lenye tundu, mwanga ukatoka mwembamba, ukagonga kioo, ukaenda ukutani ukiwa duara la ukubwa wa sahani. Koleta alisimama kwenye mlango wa maji. Padre nilimkalisha kwenye gunia lake, umbali wa mkono kutoka ukutani.

"Fungulia, Mama Skola."

Maji yakaingia, mkanda ukashika, pipa likaanza kuimba. Duara la mwanga lilitetemeka, likatangatanga, kisha likatulia. Nikashika swichi. Nikawasha sumaku.

Mwanga ukaondoka. Ulikwenda taratibu kwenye chokaa, ukapita mstari wa kwanza, ukaelekea wa pili. Kwa mazoea nikafungua mdomo nimsomee, kama nilivyomsomea kila kitu miezi yote ile.

"Padre, imeanza kwenda upande wa—"

Aliinua mkono. "Nyamaza, Fideli. Usiniambie. Naona."

Akasimama. Akanyoosha kiganja, akaugusa ukuta, akakisogeza mpaka mwanga ukaingia ndani yake, palepale kwenye mstari wa pili. Alisimama hivyo kiganja kimejaa mwanga, na machozi yanateremka kwenye ndevu, wala hakuyapangusa. Nikageuza sumaku. Mwanga ukamtoka mkononi, ukarudi ulikotoka ukapitiliza upande wa pili, na yeye akaufuata hatua kwa hatua bila kushika kitu, mpaka akaupata.

"Geuza tena," akasema.

Nikageuza.